KIZURI CHAJIUZA, MBONA WEMBE WATEMBEZWA?

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Tangu tulipokuwa shule za msingi tumeikariri methali hii na kuipambia insha zetu, aghalabu bila kuiuliza swali lolote. Hata hivyo, msomaji akiyatupia jicho masoko ya zama hizi atang'amua kwamba kizuri na kibaya vyote vinatembezwa, na vinatembezwa kwa nyuso za watu. Muuzaji hatuonyeshi bidhaa kwanza. Hutuonyesha mtu, tukamzoea na kumpenda mtu huyo, kisha tukainunua bidhaa kwa ajili yake. Katika makala haya ninanuia kuujadili mtindo huu wa biashara kwa kuangalia uwanja mmoja mdogo ambao wengi wetu hatukuutarajia, nao ni uraibu wa kunyoa ndevu kwa njia ya kale, yaani kwa wembe mmoja, brashi, sabuni na maji.

Huenda mwenzangu akashangaa kusikia kwamba kunyoa kunaweza kuwa uraibu. Hapa kwetu Kenya wembe wenye makali mawili ni kitu cha kibandani. Hununuliwa mmoja mmoja, ukatumiwa kunyolea, kukatia kucha, kuchongea penseli na kufumulia mishono. Huko Marekani na Uingereza, wembe huohuo uliachwa na watu wengi baada ya kampuni ya Gillette kuleta vichwa vya plastiki vyenye nyembe mbili mwaka wa 1971, kisha tatu mwaka wa 1998, na hatimaye tano mwaka wa 2006. Kila wembe ulipoongezwa, bei nayo ilipanda. Ndipo tangu miaka ya katikati ya muongo wa 2000 baadhi ya wanaume walipoanza kuurejelea wembe wa babu zao. Walikuwa na sababu mbili kuu: walitaka kupunguza gharama na walitaka kuipumzisha ngozi. Wakakutana mitandaoni, wakafunzana namna ya kukoroga povu kwa brashi, namna ya kuushika wembe kwa pembe ya takriban digrii 30 na namna ya kufuata mwelekeo wa nywele. Elimu hiyo ilitolewa bure, na waliotoa hawakutarajia malipo ila shukrani.

Wapenzi wa Kiswahili wanajua kwamba neno uraibu lina maana mbili. Ni jambo mtu alipendalo na kulifanya kwa kujiburudisha, na vilevile ni mazoea yaliyomteka mtu hata asiweze kuyaacha. Naomba msomaji aziweke maana zote mbili akilini, kwa maana safari ya uraibu huu ni safari ya kutoka maana ya kwanza kuelekea ya pili, na aliyeshika usukani katika safari hiyo ni uso wa mtu.

Historia inatufunza kwamba uso haukuingia katika biashara ya wembe jana wala juzi. King Camp Gillette, aliyekuwa mchuuzi wa vifuniko vya chupa, aliasisi kampuni yake mjini Boston mwaka wa 1901 na kuanza kuuza mwaka wa 1903. Mwaka huo wa kwanza aliuza vishikio 51 na nyembe 168 pekee. Biashara iliponawiri, picha ya uso wake, pamoja na masharubu yake na sahihi yake, ilichapishwa kwenye karatasi za kufungia nyembe ikazunguka dunia nzima. Hapa pana jambo la kutafakari. Chuma kile chembamba hakikupatikana kwa maarifa ya Gillette peke yake. Mhandisi William Nickerson ndiye aliyebuni mitambo na njia ya kukifanya chuma chembamba kiwe kigumu na kushika makali. Uso wa Nickerson haukuchapishwa kwenye karatasi hizo. Aliyejua kuuza alijulikana ulimwenguni, na aliyejua chuma akabaki karakanani.

Baada ya uso wa mwenye kampuni zikaja nyuso za kukodiwa. Mwaka wa 1910 matangazo ya Gillette yaliwaonyesha wachezaji wa besiboli, akiwemo Honus Wagner. Mwaka wa 2007 zikaja nyuso za Thierry Henry, Roger Federer na Tiger Woods. Maisha ya ndoa ya Woods yalipogeuka kuwa habari za magazeti mwishoni mwa mwaka wa 2009, kampuni ilipunguza kumtumia, na mkataba wake ulipomalizika mwaka wa 2010 haukurefushwa. Wembe wenyewe haukuwa umebadilika hata chembe. Kilichochubuka ni uso, na mwenye kuuza kwa uso hana budi kuutupa unapochubuka.

Hata hivyo, matangazo hayo ya kale yalikuwa na uaminifu wa aina yake. Hapakuwa na mtazamaji aliyedhani kwamba Federer alijitokeza kwenye skrini kwa hiari yake, kwa mapenzi tu ya wembe. Kila mtu alijua kuwa amelipwa. Hata video mashuhuri ya Dollar Shave Club ya Machi 2012 haikumficha mtu lolote. Mwasisi wa kampuni hiyo, Michael Dubin, alisimama mbele ya kamera akaisifu bidhaa yake kwa mzaha, na katika siku mbili yakaja maagizo yapatayo 12,000. Nyembe alizouza zilitengenezwa na kampuni ya Dorco ya Korea Kusini, ambayo mtu yeyote angeweza kununua kwake moja kwa moja. Miaka minne baadaye, Unilever iliinunua kampuni hiyo kwa kiasi kilichotangazwa na vyombo vya habari kuwa dola bilioni moja. Ni wazi kwamba kilichonunuliwa kwa fedha hizo hakikuwa chuma. Unilever ilinunua mazoea ya wateja na ucheshi wa mtu mmoja. Lakini, nasisitiza, mteja alijua kwamba anayesema ndiye anayeuza.

Sasa tugeukie uraibu wenyewe. Mtu akitaka kuuelewa lazima kwanza afahamu ugumu wa biashara yake. Kishikio kizuri cha chuma hudumu miongo na miongo, na vipo vilivyotengenezwa miaka ya 1940 na 1950 ambavyo vinatumika hadi leo. Kopo moja la sabuni humtosha mwenye kunyoa kila siku kwa miezi kadhaa. Nyembe mia moja ni akiba ya mwaka au zaidi. Kidevu nacho ni kimoja, na hakinyolewi zaidi ya mara moja kwa siku. Basi, mwenye kufuata mahitaji yake tu hununua mara moja akatoweka sokoni. Biashara ya namna hii haiwezi kukua kwa mahitaji, na ndiyo maana ikakua kwa tamaa. Lazima mteja afanywe atamani sabuni ya kumi ilhali ya kwanza haijafika nusu, na hakuna kiamshacho tamaa hiyo kama mtu anayependwa akiishika sabuni mpya mkononi na kufumba macho kwa raha.

Hivyo ndivyo walimu wa jana walivyogeuka wanadi wa leo. Mtu aliyeanza kwa kuwafunza wenzake kukoroga povu alipata watazamaji mia, kisha elfu. Watengenezaji wakaanza kumtumia sabuni za zawadi. Baadaye akapewa msimbo wa punguzo, ambao kila mfuasi akiutumia kununua, naye hupata fungu lake. Hatimaye sabuni ikatengenezwa kwa ushirikiano naye, jina lake au nembo yake ikiwa kwenye kifuniko, katika toleo dogo linalouzwa na kwisha upesi ili watu wakimbizane. Katika kila hatua sauti yake ilibaki ileile: sauti ya rafiki anayezungumza nawe asubuhi mbele ya kioo. Sauti haikubadilika ilhali nafasi ya msemaji ilikuwa imebadilika kabisa. Wapo wanaolitangaza badiliko hilo waziwazi kila wanaposema, na hao nawavulia kofia. Wapo pia wanaolinong'oneza mwishoni, au kulificha kwenye maandishi yasiyosomwa na mtu.

Hapa ndipo kiini cha hoja yangu kilipo, na naomba niieleze kwa istilahi za taaluma yetu. Fasihi simulizi ya Kiafrika ina utanzu wa majigambo au vivugo. Mwenye kujigamba hujitokeza hadharani, hujitaja kwa jina, huyakuza matendo yake, na hadhira humsikiliza kwa kufurahia. Hakuna anayemwita mwongo kwa kutia chumvi, kwa kuwa utanzu wenyewe umeshamweleza msikilizaji jinsi ya kumsikiliza. Upande wa pili kuna ushuhuda. Shahidi hana ruhusa ya kutia chumvi. Thamani ya neno lake inategemea kwamba hana masilahi katika jambo analolisema, na ikiwa anayo, sharti ayataje kabla hajafungua kinywa. Jamii zetu ziliitenganisha mikao hii miwili ya usemi kwa makini. Tangazo la Federer ni majigambo, na mzaha wa Dubin ni majigambo. Lakini mwenye chaneli anayelipwa na kusema kama asiyelipwa anajigamba akiwa amevaa joho la shahidi. Ovu lake halimo katika kulipwa. Limo katika kuchanganya tanzu, na mchanganyiko huo ni udanganyifu hata pale ambapo kila neno alilolisema kuhusu sabuni ni la kweli.

Mtu aweza kuuliza, je, mtazamaji hana akili za kupambanua? Anazo, lakini anakabiliana na jambo lenye nguvu kuliko akili. Mwaka wa 1956 wataalamu Donald Horton na Richard Wohl walichapisha makala kuhusu watazamaji wa televisheni, wakaeleza jinsi mtu anavyoweza kujenga uhusiano wa upande mmoja na msemaji wa kwenye skrini, akamwona kama rafiki ilhali msemaji huyo hamjui kabisa. Tukumbuke kwamba walikuwa wakiizungumzia televisheni ya sebuleni. Leo rafiki huyo wa upande mmoja yumo mfukoni, hujibu baadhi ya maoni kwa jina la mtazamaji, na huonekana akifanya tendo la faragha ambalo kwa kawaida mtu hulifanya peke yake bafuni. Matokeo yake ni kwamba anayeikosoa sabuni huonekana amemtukana rafiki. Katika vikao vya wapenzi wa uraibu huu, swali la kawaida kama "je, bei hii inastahili?" huweza kujibiwa kwa hasira ambayo sabuni haistahili kuipata. Wateja wamegeuka kuwa wafuasi, na mfuasi haulizi bei.

Isitoshe, kunyoa ni jambo ambalo ushuhuda wa mwingine hauna uzito mkubwa hata ukitolewa kwa moyo safi. Ngozi hazilingani. Ndevu za mmoja ni nyembamba na zimenyooka, na za mwingine ni nzito na zimejikunja. Wembe unaomfaa huyu humkwaruza yule. Ama sabuni, tofauti kubwa kati ya moja na nyingine iko katika harufu na utelezi wake, na hivyo ni vitu viwili ambavyo kamera haiwezi kuvipitisha. Mtazamaji hanusi wala hagusi. Anachokipokea ni maneno tu: eti harufu hii ni msitu baada ya mvua, eti ile ni maktaba ya babu. Kwa hakika anayenunua sabuni kwa njia hii amenunua tashbihi na sitiari. Sisi tunaosoma balagha na mitindo tungepaswa kuwa wa kwanza kulitambua hilo.

Nisieleweke vibaya kwamba uso wa mtu hauna nafasi halali katika soko. Mfano wa Bevel unatuonyesha nafasi hiyo pamoja na mipaka yake. Tristan Walker, Mmarekani mweusi, aliasisi kampuni yake mwaka wa 2013 kwa sababu nywele zilizojikunja, zikikatwa na nyembe nyingi kwa pamoja, hukatwa chini ya usawa wa ngozi, kisha hukua kuelekea ndani na kuleta vipele. Alirejea kwenye wembe mmoja wenye makali mawili, brashi na krimu, akawauzia watu wenye ngozi na nywele kama zake. Tatizo lilikuwa lake mwenyewe, na hakuficha kwamba dawa nayo ni biashara yake. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, lakini huyu alianza kwa kujinyoa. Kampuni yake ilinunuliwa na Procter & Gamble, mmiliki wa Gillette, mwaka wa 2018.

Lakini kampuni hiyohiyo ilikuwa na mwekezaji mashuhuri, mwanamuziki Nas, ambaye mwaka wa 2016 aliutaja wembe wa Bevel katika wimbo. Msikilizaji aliyejua kwamba Nas ameweka fedha zake humo alisikia majigambo, na akayafurahia kama majigambo. Asiyejua alisikia ushuhuda wa msanii ampendaye. Maneno ni yaleyale, na sauti ni ileile. Kilichotofautiana ni kile alichokijua msikilizaji. Mfano huu waonyesha kwamba suala zima liko katika habari moja ndogo, nayo ni uhusiano wa msemaji na mfuko wa muuzaji.

Wapo watakaopinga kwa hoja yenye uzito. Watasema kwamba mtengenezaji mdogo wa sabuni, anayechemsha mafuta yake nyumbani au katika karakana ya chumba kimoja, hana fedha za kumkodi Federer. Uso wake, na uso wa mwenye chaneli anayemwamini, ndio mlango wake wa pekee wa duka. Watasema pia kwamba kutengeneza video nzuri ni kazi, na mtenda kazi anastahili ujira wake. Nakubaliana nao katika yote mawili. Bila nyuso hizi, kampuni kubwa zingebaki peke yao sokoni, na elimu ya kunyoa kwa wembe mmoja huenda ingekufa pamoja na wazee walioijua. Lakini hoja hii inatetea malipo, haitetei kuyaficha. Mnyonge akitangaza kwamba amelipa ili asifiwe, hapotezi chochote kilichokuwa chake kwa haki. Kuna kampuni ya Kanada, Henson Shaving, iliyojulikana kwa kuwafadhili wenye chaneli nyingi, hata zisizohusu kunyoa, na kumpa mnunuzi nyembe 100 akitumia msimbo wa chaneli. Mtazamaji anayesikia msimbo ukitajwa hana shaka kwamba amesikia tangazo. Unadi wa wazi hauui biashara.

Sheria nazo zimeanza kuamka. Tume ya Biashara ya Shirikisho nchini Marekani iliurekebisha mwongozo wake mwaka wa 2009 ili uwahusu waandishi wa mitandaoni, na ikaurekebisha tena mwaka wa 2023. Inadai kwamba uhusiano wa kimali kati ya msifu na msifiwa utajwe waziwazi, mahali unapoonekana. Nasi Kenya tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka wa 2010 na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka wa 2012, ambazo zinakataza maelezo ya uongo na ya kupotosha kuhusu bidhaa. Hata hivyo, hakuna askari wa kutosha kusikiliza kila video. Sheria inaweza kumlazimisha msemaji ataje malipo yake, lakini haiwezi kumlazimisha msikilizaji ayatilie maanani.

Kwa hivyo jukumu linaturudia sisi hadhira. Napendekeza tujizoeshe kumwuliza kila anayetusifia kitu maswali matatu. La kwanza, amekipataje kitu hicho: alikinunua, alikopeshwa au alizawadiwa? La pili, nikikinunua, yeye anapata nini? La tatu, ni lini mara ya mwisho aliposema kwamba kitu fulani hakifai, na je, kitu hicho kilitoka kwa mfadhili wake? Shahidi asiyewahi kumtia mtu hatiani hata mara moja ni vigumu kumwita shahidi.

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya Wamarekani na sabuni zao. Mwenzako akinyolewa, chako tia maji. Washawishi wa mitandaoni wamo humu vyuoni mwetu, na wengine ni wanafunzi wenzetu. Wananadi mafuta ya ngozi, simu, mikopo ya haraka na michezo ya kubahatisha, na wanafanya hivyo kwa sauti ileile ya rafiki. Mwanamume wa ng'ambo aliyenunua sabuni ya ishirini amepoteza dola chache, na angalau atanukia vizuri. Mwanafunzi aliyeshawishiwa na rafiki wa upande mmoja kuiweka karo yake katika kamari amepoteza muhula. Udanganyifu ni wa aina moja, ingawa hasara hazilingani.

Tunaoikuza lugha hii tuna la kufanya hapa. Tumezoea kulalamika kwamba Kiswahili kinakosa istilahi za mambo mapya, tukasubiri mabaraza yatuundie. Katika jambo hili hatuhitaji kusubiri. Lugha yetu ina kitenzi kimoja, kifupi, kinachoeleweka kutoka Lamu hadi Busia, ambacho kila mwenye kunadi kwa uso wake angepaswa kukitamka kabla ya kufungua kopo la sabuni au kuinua wembe: "Nimelipwa." Akishalitamka neno hilo, na ajigambe apendavyo. Nasi tutamsikiliza kama tunavyowasikiliza wenye vivugo, kisha tutauchagua wembe wetu kwa kuitazama ngozi yetu.